Bei ya Shavu Moja

Hakuna kiumbe mwenye miguu miwili aliyewahi kumuuzia Mwisho Ngapi kitu kwa bei ya kwanza. Mama huyu alipunguziwa nauli, alipunguziwa ada ya shule, alipunguziwa hata faini. Baba mkwe wake alipofariki, yeye ndiye aliyetumwa kununua jeneza, na alirudi nalo kwa bei iliyowafanya wafiwa waache kulia kidogo wasikilize vizuri. Alikuwa amemwambia seremala kwamba marehemu alikuwa mtu mfupi, na yeye haoni kwa nini familia ilipie mbao za mtu mrefu.

Jina lake halisi lilikaa kwenye kitambulisho na halikutoka humo. Barabara nzima ya maduka ilimwita Mwisho Ngapi, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyoanza nayo kabla hata ya salamu. Naye alilivaa jina hilo kama nishani ya vita.

Kazi yake ilikuwa kuuza mapazia. Duka lenyewe lilikuwa jembamba, limejaa marobota ya vitambaa mpaka darini, na mlangoni pana ubao ulioandikwa “Mapazia, bei kuanzia,” kisha tarakimu ndogo ya kumfanya mpita njia asimame. Hilo neno “kuanzia” lilifanya kazi kubwa kuliko mwenye duka. Mteja akishaingia anaelezwa taratibu kwamba hiyo ni bei ya kitambaa. Kushona ni mbali. Ndoano ni mbali, fimbo ni mbali, na mtu wa kupanda ngazi kuyatundika ni mbali kabisa. Mteja huyo alirudi nyumbani na dirisha lililovaa vizuri kuliko yeye mwenyewe.

Basi ukitaka kujua mtu wa namna hiyo alitokaje kwenye mapazia akaishia kwenye mashavu, mlaumu binti yake. Au mlaumu simu ya binti yake.

Binti alikuwa karani katika ofisi ya bima, na alikuwa amepata mchumba. Siku moja alikuja dukani na habari kwamba wazazi wa kijana wanawaalika chakula cha mchana, wazee wafahamiane na wazungumze gharama za harusi. Kisha akatoa simu amwonyeshe mama picha ya wakwe. Mwisho Ngapi akaona mzee mmoja mwenye miwani, na pembeni yake mwanamke mwenye uso laini kama yai lililomenywa. Akauliza kama huyo ni dada wa kijana. Akaambiwa ndiye mama yake, na kwamba kwa miaka anamzidi yeye.

Mwisho Ngapi akaichukua simu, akaipeleka penye mwanga, akaikuza ile picha mpaka ikabaki tundu moja la pua. Hakuona kunyanzi hata la dawa.

Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kioo. Mashavu yake, ambayo zamani yalikaa juu kabisa na kutazama watu kwa dharau, yalikuwa yamehamia chini kama wapangaji waliopandishiwa kodi. Akamfuata mumewe uani. Mume alikuwa fundi wa friji, mtu mpole wa maneno machache, na wakati huo alikuwa amebana bisibisi kwa meno.

“Baba nanihii, hivi mimi naonekana mtu wa umri gani?”

Mume akatoa bisibisi mdomoni, akamtazama kwa makini, akafikiri. “Wa umri wako,” akasema, akairudisha bisibisi.

Aliyeleta dawa ni wifi yake, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke aliyekuwa anajua kila kitu kinachoendelea duniani ilimradi kiwe hakimhusu. Wifi akamweleza kwamba siku hizi kuna filla. Ni kitu kama uji mzito, kinapigwa sindano chini ya ngozi, na mashavu yaliyoketi yanasimama. Hakuna kisu, hakuna kulazwa; mtu anaingia nyanya ya juzi, anatoka nyanya ya leo asubuhi. Mwisho Ngapi akauliza swali lake. Wifi akasema hilo ndilo asilolijua, wala hajaona anayelijua.

Wakaanza kutafuta kwenye simu. Kurasa zilikuwa nyingi, zina wanawake wenye mashavu kama makalio ya mtoto, na chini ya kila picha watu kumi wameuliza bei, na wote kumi wamejibiwa kitu kimoja: bei njoo faragha. Mwisho Ngapi akaenda faragha. Huko akajibiwa kwa vijimoyo vyekundu, akaitwa kipenzi, akaombwa namba yake ya simu na picha ya uso akiwa ametazama dirishani. Bei haikutajwa. Alisema kwamba tangu azaliwe hajaona bidhaa ambayo bei yake inaona haya kutoka hadharani, na kwamba kama imefichwa hivyo basi ni kubwa, na kama ni kubwa basi ina mahali pa kukatwa. Akamwomba wifi amsindikize.

Kliniki ya kwanza ilikuwa ya vioo vitupu. Sakafu iling'aa mpaka mtu akaona sketi yake kwa chini, na mezani palikuwa na jagi la maji yenye vipande vya matango, jambo ambalo wifi alilitazama muda mrefu kama mtu anayetafuta mboga nyingine iliyobaki. Dada wa mapokezi aliwaambia kwa sauti tamu kwamba bei hutolewa na mshauri wa urembo, na kumwona mshauri kuna ada.

Mwisho Ngapi akaomba arudie. Akarudia. Maana yake ilikuwa kwamba mtu analipa kwanza, ndipo anaambiwa atalipa kiasi gani. Wifi akanong'ona kwamba hiyo ni sawa na kulipia ngumi. Lakini Mwisho Ngapi hakuja kushindwa mlangoni. Akajadiliana pale dakika nyingi, akasema wapo wawili lakini wifi atakaa nje, hivyo alipishwe mtu mmoja. Dada akakubali. Ada ilikuwa ya mtu mmoja tangu mwanzo, ila Mwisho Ngapi aliingia ndani akijua ameshinda.

Mshauri alikuwa binti wa koti jeupe mwenye uso usiosogea. Akicheka, kicheko kilisikika tu, hakikuonekana. Alimkalisha Mwisho Ngapi mbele ya kioo kinachokuza, akachukua kalamu nyeupe, akaanza kumchora. Akachora mashavu, akachora chini ya macho, akachora pembe za mdomo na kidevu, kisha akachora mahali fulani kati ya sikio na taya na kusema kwa huzuni, “Na hapa.” Mwisho Ngapi aliishi na pale mahali miaka yote bila kujua kwamba pana tatizo.

Ndipo hesabu zikaanza. Bei ni kwa bomba la sindano. Mabomba mangapi, inategemea. Mafuta ya ganzi ni mbali. Mkono wa daktari ni mbali, kuja kukaguliwa ni mbali, na sindano yenyewe ni mbali.

“Sindano ni mbali?” Mwisho Ngapi akauliza. “Nisipoinunua, hiyo dawa mtanipaka kwa mwiko?”

Mshauri akacheka bila uso, akasema wateja wengi huchukua vyote. Mwisho Ngapi akamtazama yule binti kwa heshima ya fundi anayemwona fundi mwenzake. Hii ilikuwa kazi yake mwenyewe, ndoano na fimbo na mtu wa ngazi, ila leo dirisha lilikuwa yeye. Jumla ilipotajwa, ilikuwa inatosha kuezeka nyumba na kubakiza mabati ya banda. Akauliza mwisho ngapi. Akajibiwa kwamba uso hauna mwisho, uso ni safari.

Akatoka na hasira zake, akatembea barabara nzima akiwaeleza watu kwa mikono jinsi ulimwengu ulivyoharibika. Watu walimsikiliza kwa utulivu usio wa kawaida. Mlinzi mmoja alimpisha njia akiwa amevua kofia. Ni mpaka alipofika dukani, fundi wake wa cherehani alipouliza kwa upole kama anataka akatwe, ndipo alipojua kwamba ile michoro myeupe bado ilikuwa usoni. Akamgeukia wifi.

“Mbona hukuniambia?”

“Nilidhani ni sehemu ya huduma,” wifi akasema. “Si umelipia.”

Kliniki ya pili ilikuwa juu ya duka la dawa, vyumba viwili, viti vya plastiki, madirisha hayana hata kipande cha kitambaa. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye mikono ya baridi. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa ndani ya fremu, na bei ya bomba moja imeandikwa kwa herufi ambazo hata mzee asiye na miwani angezisoma akiwa mlangoni. Daktari akambonyeza mashavu kwa vidole gumba, akamwambia kwa uso wake yanahitajika mabomba mawili, moja kila upande, kwa hiyo azidishe ile ya ukutani mara mbili. Humo ndani mna ganzi, mna sindano, mna kurudi kukaguliwa. Boksi la dawa litafunguliwa mbele ya macho yake. Asipopendezwa, ipo dawa ya kuyeyusha, nayo imo humo humo. Halafu akaongeza kwamba anaweza pia kuuacha uso kama ulivyo, maana hauna ugonjwa, na kuuacha hakuna gharama.

Ilikuwa bei ya haki, imetajwa mchana kweupe, na mtu aliyekuwa anaitafuta alikuwa amekaa mbele yake. Mwisho Ngapi aliitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyebweka.

“Mwisho ngapi?”

Daktari akanyoosha kidole ukutani.

“Hiyo nimeiona. Mwisho wake ngapi?”

“Huo ndio mwisho wake,” daktari akasema. “Na ndio mwanzo wake.”

Mwisho Ngapi akajaribu kila silaha. Akaahidi kuleta wateja. Akaahidi kumshonea mapazia kwa bei ya kukaribia bure. Daktari akashukuru, akasema anapenda mwanga, ndio unaomwonyesha nyuso za watu. Ikabidi Mwisho Ngapi atumie ile silaha kubwa ambayo haikuwahi kumwangusha: akanyanyuka. Kunyanyuka kwake kulikuwa sanaa. Alikusanya mkoba polepole, akaguna, akajitengeneza mtandio, akauelekea mlango kwa hatua za mtu anayeondoka na mali ya wenzake. Muuzaji wa kawaida humwita mtu huyo kabla hajafika kizingitini. Daktari alinyanyuka pia, akamfungulia mlango, akamtakia siku njema.

Njiani alimweleza wifi kwamba yule mama ana jambo. Bei isiyopungua hata kidogo lazima inaficha kitu. Kwake yeye bei ya kweli ni ile iliyopigwa mpaka ikalia. Wifi, ambaye alikuwa amechoka na viatu vinambana, alisema pengine haikulia kwa sababu haikuwa na kosa. Mwisho Ngapi hakumchukua tena safari iliyofuata.

Safari hiyo ilimpeleka saluni moja ya kucha, ambapo ngazi nyembamba ilipanda hadi chumba cha juu chenye tangazo la rangi tatu: OFA YA WIKI. Mwenye chumba alikuwa kijana mnene mchangamfu, na kwenye mfuko wa koti lake palidariziwa maneno Dokta Mashavu. Hakuna aliyejua udokta huo aliusomea wapi, na kwa kicheko chake ilionekana hata yeye alikuwa hajaamua.

Lakini alijua kujadiliana. Alianza na bei ya juu ya kukatisha pumzi. Mwisho Ngapi akataja robo yake. Dokta Mashavu akashika kifua, akaketi, akamwita mama, akasema ana watoto, ana kodi, kwamba mama huyu amekuja kumuua. Akashuka kidogo. Mwisho Ngapi akanyanyuka, akakusanya mkoba, akaguna, na hajafika mlangoni akasikia nyuma yake viatu vinakimbia.

“Mama, mama, rudi basi. Usiondoke na hasira.”

Moyo wake ukajaa furaha ambayo hakuipata siku nyingi. Huyu ndiye mtu. Walikwenda hivyo kama wachezaji wawili wa bao, mpaka bei ikashuka chini hata ya bomba moja la yule daktari wa ukutani. Wakapeana mikono. Dokta Mashavu akafuta jasho na kusema hajawahi kukutana na mwanamke wa namna hii, na katika hilo hakudanganya.

Akalazwa kwenye kitanda cha kukandia watu chenye shuka la maua. Bomba lililetwa likiwa limeshajazwa, bila boksi. Alilitazama hilo, likampita akilini, akajijibu kwamba maboksi ndiyo yanayopandisha bei ya vitu. Akapakwa ganzi, akachomwa shavu la kushoto. Akasikia shavu linajaa, linakaza, linakuwa la mtu mwingine. Kisha Dokta Mashavu akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa kama aliyetundika picha, na akavua glavu.

“Tayari, mama.”

“Na huku?”

“Huko ni upande wa pili.”

“Najua ni upande wa pili. Nimekuja nao.”

Dokta Mashavu akamwonyesha tangazo kwa unyenyekevu wote. Bei waliyojadiliana ilikuwa ile ya ofa, na ofa ilisema, kwa herufi kubwa nyekundu, SHAVU KUANZIA. Haikusema mashavu. Mwisho Ngapi akaisoma, akairudia. Mtu aliyejenga nyumba yake kwa neno “kuanzia” alikuwa amelala chini ya neno hilo hilo muda wote na hakuliona. Shavu la pili, kijana akaeleza, lina bei yake, na kwa kuwa mama sasa ni mteja wa zamani atamfikiria.

Akataja bei. Ilikuwa mara mbili ya ile ya kwanza.

Mwisho Ngapi akaanza kupigana, lakini ganzi ilikuwa imeshuka mpaka mdomoni, na maneno yake yalitoka yamelegea kama nguo zilizolowa. Alitaka kusema hatoi hata senti. Ilitoka “shitoi hata shenti.” Alitaka kutaja nusu, ikatoka sauti ya chura. Kijana akatikisa kichwa kwa huruma. Basi akanyanyuka.

Akakusanya mkoba. Akaguna kwa upande mmoja. Akatengeneza mtandio, akauendea mlango taratibu, akafika, akasimama kidogo, akatoka. Akashuka ngazi moja moja. Katikati akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Akafika chini, akakaa kizingitini na kutega sikio, na kule juu akamsikia Dokta Mashavu anaita.

“Anayefuata!”

Angeweza kupanda tena. Mtu mwingine angepanda, angelipa, angetoka na mashavu mawili ya aina moja na siri yake moyoni. Lakini Mwisho Ngapi hakuwahi kupanda tena ngazi aliyoshuka kwa ajili ya bei, na hakuona sababu ya kuanza siku ile kwa sababu tu ya uso. Akajifunga mtandio mpaka chini ya jicho, akaenda nyumbani.

Mume alikuwa uani na tochi ndani ya friji ya mtu. Akamwangaza upande wa kushoto, akazunguka, akamwangaza upande wa kulia, kama anavyofanya kwa friji inayovuja. Kisha akauliza ni upande gani ulioharibika. Mkewe akasema ni jino. Mume akaitikia kwa kichwa, akarudi kazini, na mabega yake yakawa yanatikisika ndani ya friji kwa muda.

Siku ya mwaliko ilipofika, shavu lilikuwa limevimba mpaka karibu na jicho, kama la mtu aliyeficha kiazi kwa ajili ya safari. Binti alimwomba mama yake waahirishe. Mama akakataa katakata. Kule kulikuwa na mazungumzo ya ukumbi, chakula na magari, na alikuwa ameapa mbele ya wifi kwamba ukumbi watalipa upande wa pili, kila kiti chake, mpaka maua.

Mlango ulifunguliwa na bibi mmoja mwenye mvi na makunyanzi mengi ya kicheko. Mwisho Ngapi, ambaye ana adabu zake, akapiga goti kidogo.

“Shikamoo bibi. Hongera kwa nguvu hizo, kwa umri huu bado mnafungua milango. Mama mwenyewe yuko jikoni?”

“Marahaba,” bibi akasema. “Mama mwenyewe ni mimi.”

Binti alishika mkono wa mchumba wake kama mtu anayezama. Ikaja kueleweka baadaye kwamba simu ya kijana, iliyopiga ile picha, huwa inalainisha nyuso yenyewe, bila kuombwa na bila malipo, na kwamba hata paka wa nyumba ile kwenye picha hana masharubu. Lakini pale mlangoni hakuna aliyeeleza kitu. Mama wa kijana alilitazama lile shavu, akavuta pumzi, akaamua kuwa mtu mzima.

“Pole na jino, mkwe,” akasema.

Mwisho Ngapi akalidaka hilo jino kwa mikono miwili. Akasema ni baya sana, limemsumbua wiki nzima, hata kuona haoni vizuri. Hapo baba wa kijana akaweka miwani yake sawa na kunyanyuka kwenye kiti. Maisha yake yote kabla ya kustaafu alikuwa daktari wa meno.

Mwisho Ngapi alikataa kwa heshima, akakataa tena kwa sauti, lakini yule mzee alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu bila kuona mdomo wa mgeni. Akamkalisha karibu na dirisha, akaomba tochi, na fundi friji, mume wa miaka yote, akaitoa mfukoni mwake haraka kuliko alivyowahi kutoa kitu chochote. Mzee akachungulia juu, akachungulia chini, akagonga jino moja moja kwa kijiko.

“Meno haya yatatuzika sote tuliomo humu,” akasema hatimaye. Akabonyeza shavu kwa nje. “Hili halina jino bovu. Hili limechomwa sindano.”

Binti akatazama sahani yake. Mchumba akatazama sahani ya binti. Mama wa kijana akauegemea mkono wake, akamtazama mkwe wake kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, bila dhihaka yoyote, kama mtu anayetaka tu kujua.

“Na hilo jingine?”

Mwisho Ngapi akatafuta uongo, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na akiba.

“Bei haikuafikiana,” akasema.

Fundi friji akatoa sauti kama ya mashine inayowaka baada ya miaka. Alicheka mpaka akaondoka mezani, akasikika akichekea ukumbini, kisha nje, kisha mbali kidogo. Halafu mama wa kijana naye akashindwa, halafu mzee, mpaka mchumba mwenyewe akaomba radhi huku machozi yanamtoka. Walipotulia, mama wa kijana akasema basi mambo ya harusi, yeye anaona ukumbi wagawane nusu kwa nusu. Mwisho Ngapi akafungua mdomo. Meza nzima ikalitazama shavu. Akaufunga.

“Sawa,” akasema.

Wakati wa kurudi, binti akamwambia mama yake kwamba hakuwa na hofu na uso wa mama hata kidogo, wala hapakuwa na mtu aliyewahi kuulalamikia. Alichokuwa anakiogopa usiku na mchana ni kwamba mama angewavuta wakwe kwa bei mpaka wamchoke yeye binti kabla hajaingia kwao. Mwisho Ngapi alitaka kujibu kwamba alifanya yote kwa ajili yake. Akajisikia jinsi itakavyosikika, akaacha. Akauliza tu kama binti ana nafasi ya kumpeleka mahali.

Yule daktari wa ukutani alimpima muda mrefu bila kuuliza aliyemfanyia. Akasema ana bahati, kitu chenyewe ni cha kuyeyuka. Wapo walioletwa hapo na vitu visivyoyeyuka, na hao hawacheki. Kisha akaonyesha ile karatasi. Mstari wa chini kabisa, ambao Mwisho Ngapi hakuufikia siku ile, uliandikwa “Kurekebisha kazi ya wengine,” na bei yake ilikuwa kubwa kuliko mistari yote ya juu. Akauliza kwa sauti ndogo kwa nini huo ndio ghali. Daktari akasema kwa sababu ndio wenye kazi, na ndio unaowaleta watu wengi.

Akalipa. Hesabu yote ukiijumlisha, ya chumba cha juu na ya mstari wa chini, ingemtosha mabomba mawili ya haki na masalio ya viatu. Na alichonunua kwa fedha hizo zote ni shavu lile lile la zamani, limerudi mahali pake, limeketi.

Hapo mtu angedhani ameshika adabu. Lakini uvimbe ulipoisha, ulimi ukaamka. Haikupita muda, barabara ya maduka ikawa inasikia kwamba Mwisho Ngapi alimwona daktari mmoja mkali wa bei, akamkalisha chini na kumshusha mpaka nusu, na kwamba daktari mwenyewe alimpa mkono na kusema amekutana na kiboko yake. Kila alipoisimulia, daktari alizidi kulia.

Aliyeamini zaidi ni wifi. Naye alikuwa na mashavu. Akawakusanya walimu wenzake wawili, wakavaa vizuri, wakapanda mpaka juu ya duka la dawa na kuomba wapewe nusu bei, kama aliyopewa mama wa mapazia.

Asubuhi iliyofuata dukani palikuwa na mteja wa maana, mwanamke wa nyumba kubwa yenye madirisha yasiyohesabika. Walikuwa wamejadiliana tangu duka lifunguliwe, na mteja alikuwa amekwisha kuchoka na kukubali. Kitambaa kiko mezani, mkasi wa fundi umefunguliwa, mkono wa mteja umo ndani ya mkoba. Ndipo wifi alipoingia, hajapumua, hajasalimu.

“Wifi, umeniaibisha mbele ya walimu,” akasema. “Yule daktari hataji habari za mgonjwa, lakini ametuapia kwamba tangu afungue mlango wake hajawahi kumpunguzia binadamu yeyote hata senti moja. Sasa hiyo nusu bei ulipewa na nani?”

Mwisho Ngapi akamtazama wifi. Akamtazama fundi wa cherehani, ambaye alikuwa ghafla na kazi nyingi ya kuchomeka uzi. Safari hii hapakuwa na ganzi ya kusingizia.

Mteja akautoa mkono kwenye mkoba, ukiwa mtupu. Akakivuta kile kitambaa upande wake wa meza, akakilaza vizuri, akavuta kiti na kuketi.

“Mama,” akasema, “hebu na haya mapazia tuanze upya.”